Kuacha Kubeba, Kuanza Kulinda: Mwongozo wa Kuzeeka kwa Kusudi kwa Mkristo wa Kilimanjaro

Asubuhi ya kwanza baada ya kustaafu niliamka saa kumi na moja, kama nilivyozoea kwa miaka 36 ya ualimu. Nikaoga, nikavaa, nikafunga kilemba, nikakaa sebuleni na mkoba mapajani. Mlima ulikuwa wazi siku hiyo, kilele cha Kibo kinang'aa juu ya migomba, nami sikuwa na pa kwenda. Jioni yake nilimwambia Mungu waziwazi kwamba sijui ananitakia nini tena.

Jibu lilinijia miezi kadhaa baadaye, katika kitabu ambacho wengi wetu tunakiruka: Hesabu, sura ya 8. Pale Mungu anawawekea Walawi umri wa kustaafu. Walianza kazi wakiwa na miaka 25, wakaacha wakifika 50. Kazi yenyewe ilikuwa nzito kwelikweli, maana hema ya kukutania ilihamishwa jangwani, na vyombo vitakatifu vilibebwa mabegani. Lakini mstari wa 26 hauwarudishi watu hao nyumbani. Unasema watatumika pamoja na ndugu zao hemani, kulinda. Mzee anatua mzigo, anabaki mlangoni.

Kubeba na kulinda. Nimeishi na maneno hayo mawili kwa miaka saba sasa, na hatua zote zinazofuata zimetoka humo. Nawaandikia wenzangu wa huku Moshi, walioajiriwa na wasioajiriwa, kwa sababu mkulima wa kahawa naye hufika siku ambayo jembe linamzidi nguvu, ila yeye hakuna anayemwandikia barua. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60. Mimi nakusihi uanze ukiwa na 55, maana baadhi ya hatua hizi zinataka miguu ya kutembea na akili iliyotulia.

Hatua ya kwanza: hesabu siku zako kwa kalamu

Zaburi ya 90 ni sala ya Musa. Anasema miaka yetu ni 70, na tukiwa na nguvu 80, kisha anaomba: "Utujulishe kuzihesabu siku zetu, tujipatie moyo wa hekima." Tumeizoea msibani. Ichukue safari hii kama hesabu ya darasani. Kama una miaka 62 na Mungu akakujalia 80, umebakiwa na Krismasi 18. Sisi wa Kilimanjaro Krismasi ndiyo kipimo kinachogusa, kwani ndipo watoto wanapanda kutoka Dar, Dodoma na Mwanza. Krismasi 18 za kuwaona mezani, na miaka mingine wengine watakosa likizo. Nilipoandika namba yangu nililia, na tangu hapo nimeacha kusema "tutaongea siku nyingine".

Chukua daftari la kawaida. Ukurasa wa kushoto andika kila unachokibeba: vyeo, madeni, mashamba, ada za watoto wa ndugu, ugomvi, ahadi. Wa kulia andika unachoweza kulinda: watu, ujuzi wa kazi yako, ardhi, imani ya nyumba yako, amani ya ukoo. Usikimbilie kumaliza. Mimi ilinichukua Kwaresima nzima, siku 40, na katika siku hizo sikuanzisha mradi wala sikukubali cheo chochote. Watu watakuja na vyeo, na watasema "mama, wewe sasa una nafasi". Waambie unaomba kwanza.

Hatua ya pili: tua vyeo, kwa tarehe inayojulikana

Hapa nina jambo la kukiri. Niliongoza kikundi cha wanawake usharikani kwetu kwa miaka mingi, na baada ya kustaafu shule niliendelea miaka mitatu zaidi. Nilijiambia hakuna mwingine anayeweza. Kumbe kulikuwa na mama mmoja wa miaka 38, mhasibu, mwenye kipawa kikubwa, aliyekuwa akikaa nyuma kimya kwa heshima tu. Alipohamia mjini na kujiunga na usharika mwingine, ndipo nilipoelewa kwamba heshima yake kwangu ilikuwa imemziba mdomo. Nililia mbele za Bwana kwa ajili ya hilo.

Msome Barzilai katika 2 Samweli 19. Ana miaka 80, tajiri, na mfalme Daudi anamwalika Yerusalemu akale mezani pake. Barzilai anakataa. Anasema hasikii tena sauti za waimbaji, hataki kuwa mzigo kwa mfalme. Kisha anamtoa kijana, Kimhamu: mchukue huyu badala yangu. Alikuwa na ujasiri wa kuikataa heshima na akili ya kujua ni nani aipokee. Ukitaka kuona kinyume chake, soma 1 Wafalme 1. Daudi amezeeka, hapati joto hata kwa nguo, na hajatangaza hadharani nani atamrithi. Adoniya anajitwalia ufalme na nyumba inakaribia kumwaga damu. Ni mzee yule yule aliyemwua Goliathi, ila alichelewa kukabidhi.

Namna ya kukabidhi ni hii. Taja tarehe mbele ya watu, isizidi mwaka mmoja. Mchague au umpendekeze mtu mapema, mfanye kazi pamoja miezi sita, yeye akiongoza na wewe ukiwa pembeni yake. Siku ikifika, toa kila kitu: daftari la mihutasari, mihuri, stakabadhi, na mwende pamoja benki kubadilisha waweka saini. Ukibaki mweka saini hujakabidhi. Baada ya hapo hudhuria, kaa viti vya nyuma, na kwa mwaka mzima usitoe maoni mpaka uulizwe. Utaona mambo yakifanyika tofauti na ulivyofanya, mengine vibaya. Nyamaza. Akija kukuuliza nyumbani, mkaribishe chai na umjibu kwa upendo. Hiyo chai ndiyo kazi yako mpya.

Hatua ya tatu: weka pesa mahali pake

Nitasema machache. Kiinua mgongo kikiingia, kiache kitulie miezi sita kabla ya kukitumia kwa jambo kubwa. Muda huo tembelea benki mbili tatu, uliza kuhusu amana za muda maalumu na hatifungani za serikali. Kuku, nyumba ya kupanga, basi dogo la abiria, yote yanaweza kusubiri. Usiweke kamwe kadi yako ya benki rehani kwa mkopeshaji, hata akiwa jirani. Nimeona wastaafu wanaotembea mlima mzima kwa miguu huku pensheni yao ikichukuliwa na mtu mwingine kila mwezi, na mikopo hii ya riba kubwa, tunayoiita kausha damu, inawatafuta wazee makusudi. Fanya uhakiki wa wastaafu kila unapoitwa, malipo yasije yakasimama.

Sadaka yako iendelee, hata ikipungua. Mkungu mmoja wa ndizi unaopelekwa kanisani na kunadiwa baada ya ibada unahesabika mbele za Mungu kama ile asilimia ya mshahara.

Na ada za wajukuu? Waambie watoto wako kiasi unachoweza, kwa shilingi, mara moja kwa mwaka. Ukiwa na kiwango kinachojulikana, hakuna atakayekasirika nacho, nawe hutahitaji kujificha simu ikiita mwezi Januari.

Hatua ya nne: tafuta amani na watu uliowakosea

Samweli, akiwa mzee mwenye mvi, aliwasimamisha Israeli wote akauliza: nimetwaa ng'ombe wa nani? Nimetwaa punda wa nani? Nimemdhulumu nani? Na akasema atarudisha. Yako katika 1 Samweli 12. Sijui wangapi kati yetu tungethubutu kuuliza hivyo mbele ya kijiji chote, tukijua mipaka ya vihamba, yale mashamba ya ukoo ya migomba na kahawa, ilivyosogezwa miaka ya nyuma.

Andika majina. Anza na uliyemkosea wewe. Aliyekukosea atafuata baadaye. Nenda kwa miguu yako, wala usipige simu. Nenda na mtu mmoja anayeheshimiwa na pande zote mbili, mzee wa kanisa au mwinjilisti, akae na kusikiliza. Sema kosa lenyewe kwa jina lake, bila "lakini" hata moja: "Nilisema uongo kuhusu mpaka mwaka ule." "Nilimnyima mke wako chakula cha msiba." Ukiweka "lakini", umeanza kesi upya. Kisha rudisha kinachorudishika. Zakayo aliahidi mara nne. Wewe anza na ile miche ya kahawa uliyoing'oa, au hatua mbili za ardhi.

Wazee wetu walikuwa na isale, lile jani ambalo mpaka leo tunalipanda mipakani. Mtu aliyetaka msamaha alimpelekea mwenzake isale, na kulikataa lilikuwa jambo zito. Wapo wapendwa wanaoliogopa wakisema ni mambo ya kale. Mimi naona jani halina dhambi, ni lugha tu ya watu wetu, na Mungu anajua Kichagga. Ila jani lisichukue nafasi ya maneno. Ungama kwa kinywa, ombeni pamoja, mle pamoja siku hiyo hiyo, hata kama ni mtori tu.

Niliwahi kukaa miaka kumi na moja bila kusalimiana na wifi yangu. Tulikuwa tunapokea Chakula cha Bwana kwenye madhabahu moja, kila mtu upande wake. Nilipokwenda kwake, alinifungulia mlango, akanitazama, akaurudisha. Nilikwenda tena baada ya mwezi, na tena baada ya Pasaka. Mara ya tatu alitoka na kiti. Hatukuongea sana, lakini sasa ananitumia parachichi. Nawe ukifukuzwa mara zote tatu, kumbuka Warumi 12:18: "Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote." Upande wako ndio unaoulizwa.

Hatua ya tano: kihamba, wosia na binti zako

Kesi za mirathi zinaua undugu huku kwetu kuliko njaa. Desturi inajulikana: mtoto wa mwisho wa kiume hurithi nyumba ya wazazi, kaka zake hupewa sehemu nyingine, na binti huambiwa atapata kwa mumewe. Wewe Mkristo tazama alichofanya Kalebu. Aksa binti yake alimjia, akashuka juu ya punda, akasema: nipe baraka, umeniweka katika nchi kavu, unipe na chemchemi za maji. Baba akampa chemchemi za juu na chemchemi za chini. Yoshua 15. Mzee wa vita, na hakumwambia bintiye akamwombe mumewe. Sisi tunaojua thamani ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia mashamba, tunajua maana ya kupewa maji ya juu na ya chini. Sheria za ardhi za mwaka 1999 nazo zinamtambua mwanamke kuwa na haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Binti aliyeachika na kurudi nyumbani hana mahali pa kujenga hata choo, na huyo ndiye mara nyingi atakayekuogesha ukiugua.

Ongea kwanza, andika baadaye. Desemba ndiyo wakati wake, watoto wote wakiwepo. Epuka tarehe 25, watu wamekuja kusherehekea. Chagua tarehe 27 au 28, asubuhi, kabla hawajaanza kutafuta tiketi za kurudi, na kabla ya mbege, pombe yetu ya ndizi, kuletwa. Anzeni kwa sala. Tembeeni mipaka yote kwa miguu, waonyeshe watoto na wajukuu kila isale lilipo. Kisha sema unachokusudia na sababu zake, uwasikilize. Atakayenung'unika anung'unike ukiwa hai.

Halafu wosia. Kwa kanuni za kimila, wosia wa maandishi unataka mashahidi wanaojua kusoma na kuandika, wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Kama mwenye wosia hajui kusoma na kuandika, wasipungue wanne. Anayerithi asiwe shahidi. Andika tarehe, saini, eleza kila mali ilipo, na umtaje msimamizi unayemwamini. RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, wanahifadhi wosia, na mwanasheria au msaidizi wa kisheria ataukagua. Nakala usiiache kwenye sanduku ambalo ufunguo wake anao mrithi mmoja.

Hatua ya sita: omba mlima wako

Kalebu huyo huyo, akiwa na miaka 85, alimwendea Yoshua akasema, "Basi sasa unipe mlima huu." Yoshua 14:12. Mlima wenyewe ulikuwa na majitu na miji yenye maboma. Sisi tunaofungua dirisha asubuhi tukakutana na mlima hatuna udhuru wa kutoelewa mstari huu.

Omba mmoja tu. Kosa la wastaafu wengi wacha Mungu ni kukubali kamati saba, wakarudi kubeba. Mlima wako uwe na sifa nne. Uwe unatokana na ujuzi ulionao tayari. Ufikike kwa miguu, maana nauli na magoti vitakuja kukuzuia. Uwe na siku na saa, watu wakujue: "Jumanne saa tisa mama yupo." Na uwe na kijana pembeni yako anayejifunza, kwa sababu Tito 2 inawaagiza wanawake wazee wawafundishe wale vijana, na mzee asiye na mwanafunzi anazikwa na ujuzi wake.

Naifahamu nesi mstaafu anayekaa chini ya mti nje ya kanisa baada ya ibada ya kwanza na kipima presha chake, na wazee wanapanga foleni. Amegundua wengi waliokuwa hawajui hali zao, akawasukuma kwenda hospitali ya Mawenzi au ya KCMC. Fundi seremala mmoja huchukua vijana wawili kila mwaka, hawalipi ada, ila lazima waje wamenawa na wameomba. Mkulima mmoja anafundisha watoto wa Kipaimara kupogolea kahawa kila Jumamosi baada ya mafundisho. Mimi nafundisha kusoma na kuandika akina mama watano ambao hawakupata shule. Mmoja ana miaka 71. Siku alipoisoma Zaburi ya 23 mwenyewe hadi mwisho, aliifunga Biblia akaikumbatia kama mtoto mchanga.

Hatua ya saba: mwili

Pima presha na sukari, angalau kila miezi mitatu ukishavuka 60. Baba zangu, tezi dume si aibu, mkapime. Macho yakiwa na ukungu, usiseme ni uzee tu, huenda ni mtoto wa jicho, na upasuaji unaondoa. Punguza chumvi, tembea kila siku, lala mchana kidogo. Weka taa njia ya chooni na uondoe mkeka unaoteleza, maana mfupa wa nyonga ukivunjika maisha yanabadilika kabisa.

Hatua ya nane: simulia

"Na hata nikiwa ni mzee mwenye mvi, Ee Mungu, usiniache, hata niwaeleze watu wa kizazi hiki nguvu zako." Zaburi 71:18. Mzee huyu anaomba umri kwa sababu bado ana habari ya kutoa. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Bibi zetu ndio waliotusimulia jinsi wazazi wao walivyosikia Injili, na mjukuu wako wa Dar hana hata sentensi moja ya habari hiyo.

Simulia vitu halisi. Mwaka gani, mvua ilikataaje, ulikuwa na shilingi ngapi, uliomba maneno gani, nani aligonga mlango. Simulia pia sala ambazo Mungu hakuzijibu ulivyotaka. Mjukuu akisikia ushindi tu, siku yake ya giza atadhani Mungu wa bibi hamjui yeye. Mwombe akurekodi kwa simu. Atakuja kuisikiliza akiwa na miaka 40.

Hatua ya mwisho: siku ya kubebwa

Bwana alimwambia Petro kwamba atakapokuwa mzee atanyosha mikono yake, na mwingine atamfunga na kumchukua asikotaka. Siku hiyo inakuja kwa wengi wetu. Binti atakuogesha, kijana atakushika mkono kwenda chooni. Jifunze sasa kusema "asante" na "naomba", kwa kupokea msaada mdogo mdogo bila kukasirika. Isaya 46:4 Mungu anasema ni yeye atakayetuchukua hata wakati wa mvi, na mara nyingi huchukua kwa mikono ya watu wengine.

Ukishindwa kufika kanisani, jumuiya waje kwako. Waambie mapema siku na saa, na umwombe mchungaji akuletee Chakula cha Bwana nyumbani. Ndugu zangu Wakatoliki, mwiteni padre kwa ajili ya Mpako wa Wagonjwa bila kusubiri dakika za mwisho.

Hata kitandani zamu ya ulinzi inaendelea. Ana, yule mjane wa miaka 84 wa Luka 2, aliomba usiku na mchana hekaluni. Tengeneza daftari la maombi lenye kurasa saba, siku saba. Langu liko hivi: Jumatatu watoto, Jumanne wanafunzi wangu wote ninaowakumbuka kwa majina, Jumatano wagonjwa, Alhamisi wachungaji na wainjilisti, Ijumaa walionikosea, Jumamosi viongozi wa nchi, Jumapili wale watakaonizika. Liandike kwa herufi kubwa, ili macho yakigoma mjukuu akusomee jina moja moja, nawe useme amina.

Kwenye kurasa za nyuma andika maagizo ya mazishi: sehemu gani ya kihamba, nyimbo zipi, nani asome neno, na kwamba pesa za jeneza la gharama zipelekwe kwenye ada ya nani. Langu nimelikunja ndani ya Biblia, kwenye Hesabu 8, na binti yangu wa pili anajua.